Land Rover 110 (300Tdi): klachi haiachii, mafundi wawili majibu mawili. Wataalamu karibuni

Mwana Kilombero
Wakuu, kwema?

Nina Defender 110 ya 1996, injini 300Tdi, giaboksi R380. Iko Ifakara, kazi yake ni kupandisha mizigo Mahenge, kwa hiyo kilima na tope inavijua. Sasa hivi imelala.

Hali ilivyo: injini ikiwa inawaka, namba moja na rivasi haziingii, zinasaga tu. Ukizima injini, gia zote zinaingia laini. Haitelezi hata ikiwa na mzigo kilimani. Pedali haizami, ila ukiikanyaga inalia kama mlango wa bati, na kwa muda sasa klachi imekuwa ikishika chini zaidi na zaidi, sasa ni karibu na sakafu kabisa.

Fundi wa kwanza anasema pleti imekwisha, tushushe giaboksi tuweke seti nzima. Wa pili anasema ni masta silinda (ile pampu ya mafuta ya klachi iliyo kwenye pedali), tusihangaike na giaboksi. Upepo tumeshatoa, mafuta kwenye kikopo hayapungui. Nani yuko sahihi? Na kama ni kushusha, hapa hatuna lifti. Tuna shimo, jeki mbili, chenibloki moja na vijana.

Mkonga78
Dawa ya Land Rover inajulikana: nunua Land Cruiser. Huku kwenye injini ya 1HZ klachi tunabadilisha watoto wakishaoa.

Kamanda wa Tope
Mkonga hakosi kwenye uzi wowote wa Land Rover. Hiyo yako ilipozama mtoni masika iliyopita ilivutwa na nini? Turudi kwenye mada.

Mzee wa Spana
Mwana Kilombero, mafundi wako kila mmoja kashika nusu.

Tuanze na wa pleti. Pleti ikiisha, klachi inateleza: uko namba nne kilimani, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, baadaye unasikia harufu ya kuungua. Wewe unasema haitelezi na mzigo mgongoni. Yako haiachii, na huo ni ugonjwa mwingine.

Wa masta silinda ana hoja, lakini masta ikifa pedali inazama polepole ukiishikilia, au unapampu mara mbili tatu ndipo gia iingie. Mara nyingi utaona na mafuta yanachuruzika kutoka kwenye kiboksi cha pedali, yanashuka miguuni kwa dereva. Kama pako pakavu na pedali ni ngumu, upande wa mafuta ni mzima.

Kwa gari hizi, pedali inayolia na klachi inayoshuka kidogo kidogo, mimi namshuku foku. Foku ya klachi ni bati lililokunjwa, limekaa juu ya pini yenye kichwa cha mviringo ndani ya belhauzi, lile ganda la klachi kati ya injini na giaboksi. Kila ukikanyaga, nguvu yote inaegemea pale. Kile kichwa kinalila bati mwaka hadi mwaka mpaka kinalitoboa. Likishatoboka, silinda ya chini (inayopokea mafuta kutoka masta) inasukuma kama kawaida, lakini foku inazama kwenye pini badala ya kusukuma rilizi beringi, ile beringi inayobonyeza klachi iachie. Mguu unasikia ugumu, klachi haipati kitu.

Kabla hujalegeza bolti hata moja ya giaboksi, toa silinda ya chini. Bolti mbili tu. Asikanyage mtu pedali ikiwa nje, pistoni itaruka. Mulika tochi kwenye tundu lake uone ncha ya foku imekaaje. Ukimaliza, chini ya belhauzi kuna tundu dogo la kutolea uchafu. Ingiza kidole, uniambie kimetoka na mafuta ya rangi gani.

Mwana Kilombero
Mzee shikamoo. Nimemulika. Ncha ya foku imeinamia upande mmoja, nikiisukuma kwa bisibisi inacheza ovyo. Tundu la chini lina mafuta meusi, si mengi, yameshikana na vumbi yamekuwa kama lami.

Mzee wa Spana
Marahaba.

Foku imetoboka. Na hayo meusi ni oili ya injini, sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) imeanza kuvuja. Yangekuwa mekundu ningekwambia ni ya giaboksi, kwa sababu R380 nyingi zinatembea na haidroliki nyekundu.

Kwa hiyo giaboksi inashuka. Fundi wa kwanza kapatia njia kwa sababu isiyo yake. Ila ikishashuka, usifanye kosa la kubadilisha foku peke yake ukarudisha. Kinachokula pesa na jasho ni kushusha na kupandisha. Vitu vilivyofichwa huko nyuma vingi ni vya bei ndogo, na kila kimoja kikifa baada ya mwezi kitakudai ushushe tena. Nunua: pleti, presha pleti (sahani inayoibana pleti), rilizi beringi, foku, pini yake na kile kiklipu, sili ya krenki, sili ya shafti ya mbele ya giaboksi, na bushi ndogo ya shaba inayokaa nyuma ya krenki. Hiyo bushi watu huisahau. Ndiyo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Ikiliwa, shafti inacheza, pleti haiachii sawasawa, na utalaumu klachi mpya bure.

Binti Spea
Naongezea upande wa duka, maana hapa ndipo watu wanapigwa.

Foku: ulizia ile iliyochomelewa bati la ziada pale inapokalia pini. Utaiona kwa macho, huhitaji kuambiwa. Ile nyepesi inafanana na iliyotoboka, na itatoboka vilevile.

Pleti ya Tdi ni milimita 235. Chukua ya zamani uende nayo, linganisha upana na meno ya katikati. Boksi lenye jina kubwa lisikutishe, maboksi yanachapwa. Shika pleti mkononi: springi za katikati zisicheze kwa vidole, ripiti ziwe zimezama chini ya uso wa lainingi. Kwenye presha pleti, vidole vyote vya katikati viwe usawa mmoja.

Sili ya krenki ya 300Tdi inakuja na fremu yake nzima, ndani ina kipete cha plastiki. Kile kipete ndicho kinachoongoza mdomo wa sili upande juu ya krenki bila kujikunja. Ukikuta muuzaji amekitoa ili "uone vizuri", mwachie sili yake.

Kamanda wa Tope
Mwana Kilombero, gari iko gereji tayari au bado iko nyumbani?

Mwana Kilombero
Iko kwenye yadi ya mpunga, gereji ni upande wa pili wa mji. Nilikuwa nafikiria kuivuta.

Kamanda wa Tope
Huna haja ya kuvuta. Weka transfa (giaboksi ndogo ya nyuma inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye lo, yaani gia nzito, halafu gia namba mbili injini ikiwa imezimwa, hakikisha mbele pako wazi, halafu piga stata. Gari itaanza kutembea yenyewe na injini itashika. Kwa lo mwendo ni wa mtu anayetembea, utafika. Ukitaka kusimama, zima. Pita saa ambayo bodaboda hawajajaa njiani.

Nanyuki Landy
Niaje wazee. Mimi niko Kenya, na hapa kwetu hatushushi, tunaitolea juu. Ukifungua sakafu, taneli na lile boksi la chini ya viti, giaboksi yote iko wazi. Unaleta kreni ya injini, mkono wake unaingia kwa mlango, unainua giaboksi na transfa pamoja, unavuta nje. Hakuna mtu analala chini ya kitu cha zaidi ya kilo mia moja.

Mzee wa Spana
Njia ya Nanyuki ni nzuri na ni salama kuliko yetu, ila inataka kreni na bolti za boksi la viti zilizokubali kufunguka. Gari ya Ifakara iliyokunywa maji ya Kilombero, bolti hizo nyingi zitakatika. Yeye ana shimo na chenibloki. Ashushe.

Sikiliza mpangilio wangu, nitapita haraka kwenye yanayojulikana.

Toa waya wa betri kwanza. Mwaga mafuta ya giaboksi na ya transfa. Fungua sakafu zote mbili na taneli, utazihitaji ili kufikia bolti za juu za belhauzi, na usijaribu kuzifuata kwa chini, utachana mikono. Toa propela ya mbele na ya nyuma. Nati zake ni spana ya 9/16, si milimita, ukilazimisha ya milimita utazila kona. Weka alama ya rangi kwenye flanji na propela zirudi zilipokuwa. Kebo ya hendibreki, kebo ya spidi, waya za rivasi na za taa ya difu loki, vipaipu vya kupumulia, fimbo za gia. Piga picha kwa simu kila kabla ya kuchomoa.

Krosi memba ya chini ya giaboksi ina bolti kila upande, zikitoka yenyewe bado inabanwa na chesisi. Usiipige nyundo mpaka ikunje. Weka jeki ya kulala katikati ya mihimili miwili ya chesisi, itanue kidogo tu, itadondoka.

Sasa hapa: giaboksi ikitoka, injini inabaki imeshikwa na maunti mbili peke yake, nyuma yake itainama. Weka jeki na kipande cha mbao chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla. Na legeza kava ya feni, maana injini ikiinama nyuma, mbele inapanda na feni inakwenda kulala kwenye kava.

Chenibloki ifunge kwenye giaboksi na transfa, si kwenye giaboksi peke yake. Uzito mkubwa uko nyuma, itapinduka. Kama vijana ni wachache, toa transfa kwanza peke yake.

Mkonga78
Nimesoma yote hayo na bado hajafika kwenye klachi.

Mwana Kilombero
Giaboksi iko chini. Tulitoa transfa kwanza, imesaidia sana.

Foku: tundu limepita kabisa, kichwa cha pini kimetokeza upande wa pili, kinang'aa. Rilizi beringi ilikuwa imekalia upande mmoja, vidole vya presha pleti vina mkwaruzo wa nusu duara tu. Pleti yenyewe bado ina nyama! Flaiwili (gurudumu zito nyuma ya krenki) ina madoa ya bluu na vijiufa vidogo vidogo kama nywele, hakuna kinachoshika ukucha.

Bushi ya shaba haitoki. Tumejaribu kuichimba kwa patasi.

Mzee wa Spana
Acha patasi, utachora krenki. Tafuta chuma cha duara kinachoingia kwenye bushi kwa kubana, hata bolti iliyokatwa kichwa na kulainishwa. Jaza tundu grisi mpaka juu, ingiza chuma, piga nyundo. Grisi haina pa kwenda, itasukuma bushi kutoka nyuma. Ikipungua ongeza, piga tena.

Nanyuki Landy
Mkate uliolowekwa pia unafanya, na hauchafui kama grisi.

Kamanda wa Tope
Ifakara na mkate wapi na wapi. Atumie ugali wa jana.

Mzee wa Spana
Ugali utafanya kazi, mradi uwe mgumu. Bushi mpya iloweke kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kuigonga, inanyonya mafuta. Usiipake grisi.

Flaiwili kama ufa haushiki ukucha, ipigwe msasa uso wake na ioshwe, itatembea. Ufa ukishika ukucha ingekuwa ya kupeleka lethi ikachongwe upya. Lakini flaiwili lazima itoke, sili ya krenki iko nyuma yake.

Kabla hujafunga chochote, nenda kwenye giaboksi, nyuma, pale transfa ilipokuwa. Angalia meno ya shafti yanayoingia kwenye gia ya transfa. Hapo ni ugonjwa wa familia hii nzima ya giaboksi: meno yanaliwa kwa kukosa mafuta, siku moja unaweka gia, injini inanguruma, gari haiendi. Kama yamechongoka au yamekuwa membamba, ni afadhali ujue sasa. Na gia ya transfa ukinunua mpya, chagua ile yenye matundu ya kupitishia mafuta.

Mwana Kilombero
Meno ni mazima, yana kutu ya kahawia kidogo tu. Nimeyapaka mafuta. Bushi imetoka kwa grisi, imeruka mpaka ukutani.

Leo tunafunga klachi. Kuna la kuzingatia?

Mzee wa Spana
Presha pleti mpya inakuja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa petroli na kitambaa safi mpaka kitambaa kisichafuke. Pleti ina upande, imeandikwa upande wa flaiwili. Kama maandishi yamefutika, kitovu chenye springi kinatokeza kuelekea giaboksi. Kama huna kifaa cha kusentia, tafuta mti mgumu uuchonge uingie kwenye bushi, kisha uzungushie tepu mpaka ujaze kitovu cha pleti. Kaza bolti za presha pleti kwa msalaba, kidogo kidogo, ukimalizia nyutoni mita 34. Ukikaza moja mpaka mwisho ndipo uende nyingine, unakunja kava.

Mafuta kwenye meno ya shafti: paka kama unavyopaka losheni, sio siagi. Yakizidi yanarushwa kwenye pleti.

Grisi kidogo kwenye kichwa cha pini. Rilizi beringi ifunge kwenye foku kwa kamba nyembamba ya plastiki au uzi wa nailoni ili isianguke wakati wa kupandisha. Itakatika yenyewe ukikanyaga klachi mara ya kwanza.

Na tafuta bolti mbili ndefu za M10, kata vichwa, chonga mfereji kwa hakso ili zitoke kwa bisibisi. Zifunge kwenye injini, moja kulia moja kushoto. Hizo ndizo reli za giaboksi.

Mwana Kilombero
Wakuu, tumekwama. Giaboksi imeingia vizuri kwenye zile bolti za kuongoza, halafu imesimama. Nafasi iliyobaki ni ya vidole viwili hivi. Vijana wanataka tuweke bolti za belhauzi tuvute kwa spana, wanasema "itaingia tu". Nimewazuia nisubiri majibu.

Mzee wa Spana
Umefanya vizuri. Ondoa spana zote hapo. Bolti za belhauzi ni za kushikilia, si za kuvuta. Ukizivuta utafanya moja kati ya haya: utapasua sikio la belhauzi, ni aluminiamu hiyo, au utakunja kitovu cha pleti, na klachi mpya itatetemeka maisha yake yote.

Giaboksi inayokaa sawa inaingia kwa kusukumwa na mikono. Ikisimama kuna sababu. Weka giaboksi kwenye gia, mtu mmoja azungushe flanji ya nyuma taratibu wakati wengine wanasukuma, ili meno yapate mlango. Kama transfa bado hujairudisha, zungusha shafti ya nyuma kwa mkono.

Ukizungusha ukasikia pleti inashika lakini bado kuna nafasi, basi meno yameshaingia na ncha ya shafti inagonga pembeni ya bushi. Hapo ni pembe. Chukua rula, pima nafasi juu, chini, kulia na kushoto. Uniambie.

Mwana Kilombero
Juu ni milimita 29, chini 38. Kulia na kushoto sawa.

Mzee wa Spana
Injini imeinama nyuma. Pandisha jeki ya sampu taratibu, nusu mzunguko, huku unapima. Juu na chini zikilingana, tikisa giaboksi kutoka nyuma kulia kushoto na kusukuma.

Nanyuki Landy
Pia angalia hakuna waya au paipu imebanwa hapo juu. Mimi nimeona mtu akisukuma asubuhi mzima, kumbe ni waya wa rivasi.

Mwana Kilombero
IMEINGIA! Tulipandisha jeki kidogo tu, mtu mmoja akaisukuma kwa goti, ikalia "tok" na belhauzi ikakutana na injini pande zote. Bolti zote zimeingia kwa vidole. Vijana hawaamini.

Kamanda wa Tope
Safi sana. Mpelekee Mkonga picha.

Mzee wa Spana
Hongera. Rudisha transfa, krosi memba, propela. Mafuta: R380 kama lita 2.7, haidroliki au ile MTF94, transfa lita 2.3 za EP90. Zote jaza mpaka yaanze kumwagika kwenye tundu la kujazia, gari ikiwa sehemu tambarare. Silinda ya chini hakikisha fimbo yake imekaa kwenye foku kabla ya kufunga. Toa upepo kwa mafuta ya breki DOT 4.

Mwana Kilombero
Mzee, klachi imekuwa nyepesi, inashika katikati, rivasi inaingia kama kisu. Lakini nimezua jingine: stata inazunguka kwa uvivu sana, na tulipojaribu mara ya tatu kebo ya hendibreki ikaanza kutoa moshi. Betri ni mpya.

Binti Spea
Kebo ya hendibreki kutoa moshi! Waya wa athi huo, hujaurudisha.

Mzee wa Spana
Binti kawahi. Kuna mkanda wa waya unaounganisha giaboksi na chesisi. Bila huo, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na umepata kebo ya hendibreki. Usipige stata tena mpaka uupate. Kwangua rangi na kutu mahali unapokaa, pawe chuma cheupe, kaza. Kebo iliyopata moto iangalie, kama ganda limeyeyuka badilisha, hiyo ni breki.

Mwana Kilombero
Nimeuona, ulikuwa umening'inia nyuma ya transfa, umejificha kwenye tope. Stata sasa inapiga mara moja. Kebo ganda lake limeyeyuka kidogo, nimeagiza nyingine.

Swali la mwisho: vijana wamepata plagi ndogo ya uzi kwenye dashibodi, wanasema ni ya lile tundu la chini ya belhauzi. Tuiweke?

Mzee wa Spana
Iweke unapokaribia kuvuka maji marefu tu, ukishatoka itoe uirudishe kwenye dashibodi. Ukiiacha, mafuta ya sili yakivuja tena hayatakuwa na pa kutokea, yatajaa humo mpaka yafike kwenye pleti.

Mkonga78
Mzee wa Spana, nina mkonga wangu (hii Land Cruiser) una kelele nikiachia klachi, nikikanyaga inanyamaza. Nifungue uzi wangu au nikuulize hapahapa?

Kamanda wa Tope
😂😂😂